Udongo wa Sampuli

Wahenga walisema tembea uone, wakaishia hapo. Hawakusema kwamba mengine utakayoyaona yatakukera mpaka chakula kikushinde. Hii ni habari ya Bi Mashavu binti Kombo, mpika sabuni, aliyekwenda nchi ya Takasani na mapipa mawili na nia njema. Inasimuliwa hapa kama alivyoisema mwenyewe, na hasira zake hazikupunguzwa hata kijiko.

Bi Mashavu alikuwa na miaka hamsini na sita, na kwa miaka thelathini kazi yake ilikuwa moja tu, kuwapikia sabuni mafundi wa gereji. Ovaroli iliyoshinda wiki nzima ndani ya oili chafu ilitoka mikononi mwake ikafaa kuvaliwa harusini. Hakuwa na siri. Alikuwa na sabuni mbili. Ya kwanza aliipika kwa mawese na magadi, kali, yenye kung'oa mafuta popote yalipojificha, ila ikikutana na udongo wa mfinyanzi huung'ang'ania na kusahau ilichotumwa, na kwenye maji ya chumvi huganda. Ya pili aliikamua kutoka maganda ya tunda fulani la porini. Hiyo ni laini, hainuni kwenye maji yoyote, lakini peke yake haina nguvu ya kumtoa mtu jasho. Ukizichanganya, ndoo tatu za kali kwa moja ya laini, kila moja hufunika udhaifu wa mwenzake, nawe unatumia nusu ya sabuni kwa kazi maradufu. Kwa mchanganyiko huo aliwahi kuuosha hata udongo wa uani kwake, uliolowa oili ya jirani. Siku hizi anachuma bamia pale pale.

Habari za bamia hizo zilifika mbali. Siku moja akapata barua kutoka Takasani, imeandikwa na mkulima aitwaye Nyamizi. Barua ilikuwa fupi. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," ilisema mwishoni. "Nimebaki na kibuyu kimoja cha mbegu."

Mpakani mwa Takasani kila mgeni huvuliwa viatu, soli zikasuguliwa kwa brashi na maji ya moto, asije akaingiza uchafu wa nje. Bi Mashavu akavuliwa, akasuguliwa, akarudishiwa. Hatua yake ya kwanza ndani ya nchi ilizama kwenye ardhi nyeusi inayonuka kama taa ya chemli iliyopinduka. Akamgeukia askari aliyemsugulia.

"Karibu kwenye nchi safi, mama," askari akasema. Bi Mashavu akamtazama usoni akitafuta mzaha. Hapakuwa na mzaha.

Nyamizi alimpokea shambani kwake. Alikuwa mwanamke wa miaka kama arobaini, mwembamba, mwenye ulimi mwepesi. Alimweleza kwamba bomba la mafuta ghafi lilitoboka juu kule kilimani yeye akiwa bado msichana, likazibwa baada ya misimu miwili, lakini yaliyokwisha kuvuja yakawa yanateremka kila mvua inaponyesha, shamba baada ya shamba. Kwake yalifika miaka mitatu iliyopita, mwaka ule ule aliomzika mama yake. Tangu hapo hajapanda kitu.

Kisha akaingia jikoni, akatoa kibuyu kilichoning'inia juu ya meko. Ndani mlikuwa na mtama mwekundu ambao mama yake aliurithi kwa mama yake, na ambao sasa hakuna mtu mwingine yeyote bondeni aliyekuwa nao. Mbegu haingoji, nayo ikikaa sana hufa ndani kwa ndani huku kwa nje inapendeza. Kila mwaka Nyamizi alichukua punje kumi akazifunga kwenye kitambaa kibichi aone ngapi zitachipua.

"Mwaka wa kwanza zilichipua tisa," alisema. "Mwaka jana, sita. Juzi, tatu. Shikamoo yangu kwako, mama, nimeichelewesha makusudi, nilitaka uyasikie haya kwanza. Vuli inakuja baada ya majuma matano. Isiponikuta na udongo safi, huu mtama umekwisha duniani."

"Marahaba, mwanangu," Bi Mashavu akajibu. "Majuma mawili yananitosha. Tuanze kesho."

Nyamizi akacheka, kicheko kisichokuwa na furaha. Akasema huku hakuna kuanza kesho. Anayetaka kuosha udongo Takasani hupitia kwanza Nyumba ya Sampuli.

Nyumba ya Sampuli ilikuwa jengo refu kuliko yote nchini, nalo lilijengwa kwa ajili ya chupa moja. Chupa hiyo ilikaa juu ya mto wa hariri, ndani yake mna udongo mweupe kama unga wa muhogo. Mkuu wa nyumba, Bwana Tindwa, mtu mpole mwenye kucha safi mno, aliwaonyesha kwa heshima zote.

"Hii ndiyo Sampuli ya Taifa," alisema. "Mafuta yalipomwagika, serikali haikulala. Siku ile ile tulichota udongo mchafu, tukauosha. Mwaka uliofuata tukauosha tena. Mwaka huu ni mara ya thelathini na moja. Kila mwaka tunaupima, na kila mwaka taarifa inaonyesha maendeleo."

Bi Mashavu akasubiri amalizie. Alipoona kimya, akauliza, "Na mashamba?"

"Mashamba gani?"

"Mashamba, mheshimiwa. Ulikotoka huo udongo."

"Mama, huwezi kupima nchi nzima. Ndiyo maana ya sampuli. Sampuli ikiwa safi, nchi ni safi. Tuna mihuri."

"Huo udongo wenu unaota nini?"

Bwana Tindwa alionekana kuumia. "Hauoti kitu. Ukiota kitu utachafuka."

Bi Mashavu aliniambia kwamba hapo ndipo alipohisi mshipa wa shingo ukimpiga. Kuwatwangia watu wa namna hii maneno ni kutwanga maji kwenye kinu. Hata hivyo alikaza moyo, akaeleza kwa upole alichotaka: kipande kimoja cha shamba, hatua kumi na mbili kwa nane, maji ya kisima, na mapipa yake mawili. Bwana Tindwa akasikiliza vizuri mpaka lilipotajwa neno mchanganyiko. Hapo akasimama, akafunga dirisha.

Kumbe Takasani kulikuwa na idara mbili za sabuni, Idara ya Sabuni Kali na Idara ya Sabuni Laini, na kwa miaka thelathini zilipokezana kuiosha ile chupa, mwaka huu hii, mwaka ujao ile. Kuzichanganya sabuni ilikuwa kosa la jinai. Likaitishwa baraza. Wakuu wa idara zote mbili wakaketi, kila mmoja amempa mwenzake mgongo, kama ilivyo desturi yao.

"Nikuulize, mgeni," alianza Mkuu wa Kali, mzee mwenye sauti ya kukwaruza. "Maziwa yaliyochanganywa na maji ni safi?"

"Si safi."

"Asali iliyochanganywa na sukari guru?"

"Si safi. Lakini..."

"Basi unataka kuisafisha nchi yetu kwa kitu ambacho chenyewe si safi. Nimemaliza."

Mkuu wa Laini, bibi mnene aliyekuwa akifuma kitambaa, alisema yeye hapingi udongo kuoshwa, ila sabuni kali ina tabia mbaya na inaweza kuiharibu sabuni yake. Bi Mashavu akaomba mabakuli matatu. Akaweka bonge la udongo wa Nyamizi kwenye kila moja: moja akatia kali, moja laini, moja akatia zote mbili mbele ya macho ya baraza zima. Bakuli la kwanza likafanya ukoko. La pili likatoa povu zuri na udongo ukabaki mweusi vile vile. La tatu, kabla Mkuu wa Kali hajamaliza kukohoa, mafuta yalikuwa yameuachia udongo na kupanda juu, meusi, yanang'aa. Wajumbe wakainuka vitini kutazama.

"Hili la tatu halina povu," akasema Mkuu wa Laini kwa huruma. "Pole sana, mama."

"Povu haliondoi kitu!" Bi Mashavu akafoka. "Povu ni hewa! Tazameni udongo!"

Lakini wajumbe walikuwa wamekwisha kulipigia kura povu, na bakuli la pili likashinda kwa kura nyingi. Bi Mashavu alikaa chini akajipangusa jasho kwa pembe ya kanga. Siku kumi na tatu zikaliwa na mjadala huo, na kila siku Nyamizi alitazama mawingu ya mashariki.

Siku ya kumi na nne baraza lilichoka, likafikia mwafaka. Sheria ilikataza kuchanganya sabuni ndani ya chombo chochote. Shamba si chombo. Basi sabuni kali imwagwe kutoka upande wa mashariki na sabuni laini kutoka upande wa magharibi, kwa wakati mmoja, na wakuu wa idara wawepo kila siku huku wamegeuza nyuso, ili zikikutana huko kati pasiwe na shahidi. Bi Mashavu akapiga hesabu ya siku zilizobaki. Kumi na mbili za kazi, tisa za kusubiri mbegu zishike kabla mvua haijawa kubwa. Alikubali bila hata kushukuru.

Kazi yenyewe ilikuwa kazi. Walichimba mtaro, wakautandika turubai, wakalima udongo wa kile kipande hadi kina cha goti na kuujaza humo kidogo kidogo. Ndoo tatu kutoka mashariki, ndoo moja kutoka magharibi, kisha majembe, geuza, geuza tena. Maji yaliingia yana rangi ya chai ya maziwa, yakatoka meusi, yakaenda kwenye shimo lililosakafiwa. Yakitulia humo siku nzima, mafuta yanaelea, nao wanayaengua kwa upawa na kuyatia kwenye debe. Udongo uliooshwa wakausuuza kwa maji matupu mara mbili, kwa kuwa sabuni ikibaki nayo huua mche. Mwishowe wakauchanganya na samadi ya mbuzi. Udongo uliotoka kuoshwa huwa umechoka, huwezi kuupa kazi bila kuulisha.

Wakuu wawili walisimama na nyuso zimegeuzwa, mmoja akitazama kilima, mwingine akifuma. Siku ya mwisho Bi Mashavu akatia bonge la udongo kwenye glasi ya maji. Hata duara moja la rangi halikuelea juu yake. Udongo ulizama chini, kahawia, wa kawaida, ule ambao nchi nyingine watu hukanyaga bila kuutazama. Nyamizi akauchukua, akaunusa, akakaa chini palepale akalia kwa sauti.

Walipanda mistari tisa. Kwa kuwa mbegu nyingi zilikuwa mfu, Nyamizi alizipanda zote, kibuyu kikabaki kitupu. Siku ya tisa mistari yote ilikuwa na vijani, vimeachana huku na huku kama meno ya mtoto, lakini vipo. Mwanamke yule akahesabu miche mia mbili na kumi na minne. Akarudia kuhesabu kwa raha tu.

Hapo ndipo alipokuja jirani yake, Mwanakheri, mfugaji wa bata, akihema. Bwana Tindwa alikuwa njiani. Wale wakuu wawili hawakuona kitu, kwa mujibu wa sheria, lakini pua zao hazikufungwa, na walipeleka habari kwamba kwa Nyamizi hakunuki tena.

"Mwache aje aone," Bi Mashavu akasema. "Ana macho."

Nyamizi alikuwa amesawijika. "Mama, hujui. Nilitumaini hawatajua, ndiyo maana sikukwambia. Ile Sampuli inapungua. Kila wanapoiosha kijiko kimoja huenda na maji, sasa imebaki robo chupa. Wanatafuta nyingine. Na sheria inasema udongo safi popote utakapopatikana ni mali ya Nyumba ya Sampuli. Wanauchimba wote. Wanaondoka nao."

"Na miche?"

"Wataing'oa. Itauchafua."

"Bata wangu unafikiri wanaogea wapi?" akasema Mwanakheri. "Baba yangu alihamisha udongo wa shamba lake kwa mkono miaka saba, akaleta mwingine wa mlimani kwa kikapu. Walipokuja wakauchukua wote, wakampa cheti. Lile bwawa ndilo shamba lake. Cheti tunacho."

Bi Mashavu alizitukana idara zote mbili kwa majina, kisha akaitukana ile chupa. Miaka thelathini alikuwa ameishi kwa kuondoa uchafu, na mama yake kabla yake, na hapakuwa na siku aliyowahi kufanya kinyume. Akalitazama debe la mafuta waliyoyaengua, limejaa hadi ukingoni, limekaa kivulini likisubiri kufukiwa. Lisilobudi hutendwa.

"Mstari upi uko karibu na njia?" akauliza.

Nyamizi akaelewa. Akafumba macho. "Wa kwanza na wa pili," akasema. "Miche hamsini na mmoja."

"Mkaguzi huchota wapi?"

"Karibu na njia. Hapendi kuchafua viatu."

Bi Mashavu hakumwachia Nyamizi kazi hiyo. Alilibeba debe mwenyewe, akachota kwa upawa ule ule, akamwaga mstari wa kwanza, polepole, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kisha wa pili. Baina ya mstari wa pili na wa tatu akachimba kimfereji, akakijaza udongo wa mfinyanzi na kuushindilia kwa kisigino, uchafu usivuke. Miche iliinama chini ya ule weusi na haikuinuka. Anasema hajawahi kuichukia nchi kama alivyoichukia ile saa ile.

Bwana Tindwa alifika na karani wake, wachimbaji wanane, toroli, na chupa mpya tupu yenye utepe. Alisalimia vizuri, akaulizia afya ya kila mtu, hata ya bata. Kisha akachota kidogo pembezoni mwa njia, akadondosha kwenye glasi yake ya fedha. Mafuta yakatanda juu ya maji kwa rangi zote. Wachimbaji wakashusha pumzi.

"Aa, poleni sana," akasema Bwana Tindwa. "Nilidanganywa. Hapa ni pachafu kabisa."

"Pachafu mno, mheshimiwa," Nyamizi akajibu.

Alikuwa amekwisha kugeuka aondoke, akasimama. Macho yake yalikuwa yametua kwenye mstari wa tatu. Akatazama wa nne, wa tano, mpaka wa tisa. Bwana Tindwa aliinama, akagusa jani moja kwa ncha ya kidole chake safi.

"Kitu gani hiki?" akauliza.

Karani akafungua daftari, kalamu tayari.

"Kama kingekuwa mtama," Bwana Tindwa akasema taratibu, "ningelazimika kuandika kwamba pameota mtama, na mtama hauoti kwenye uchafu. Ningelazimika kupima tena." Akainuka, akajipangusa kidole kwa leso. "Basi ni gugu. Andika hapo, gugu."

Karani akaandika gugu, akapiga muhuri, wakaondoka. Mpaka leo Bi Mashavu hajui kama mtu yule alikuwa mjinga kuliko wote Takasani au ndiye pekee mwenye akili, na kila akiliwaza jambo hilo huudhika upya. Kama alijua, kwa nini miaka thelathini na moja anapangusa chupa?

Siku ya kuondoka, wanawake wa bonde walikuja kuomba maelezo ya kuosha udongo. Akawaandikia kwenye karatasi ya daftari, hatua kwa hatua: ndoo tatu, ndoo moja, mtaro, kusuuza mara mbili, samadi. Alipofika mwisho akasita, kalamu hewani. Kisha akaongeza mstari mmoja, akiubonyeza kwa hasira hata karatasi ikatoboka: Ukishamaliza, rudisha uchafu upande wa njia. Mpakani walimvua viatu, wakasugua soli, asitoke na udongo wa taifa.

Baada ya miezi sita akapata barua. Nyamizi alikuwa amevuna vibuyu vinne. Kimoja amekitundika juu ya meko, kimoja amempa Mwanakheri, viwili amegawa kwa wengine, na punje kumi alizozifunga kwenye kitambaa zilichipua zote kumi. Karatasi ile ya daftari imenakiliwa mpaka imefika nyumba thelathini na tatu. Mwishoni aliandika:

"Juzi taarifa ya mwaka imesomwa hadharani. Taifa ni safi. Bonde letu peke yake ndilo limetajwa kwa jina, kwamba ni chafu kupita kiasi na limejaa magugu. Tulipiga makofi sana, mama. Karibu uje ule ugali wa magugu."

Bi Mashavu aliangua kicheko peke yake pale jikoni, akacheka hadi machozi. Kisha akaikumbuka ile mistari miwili, miche hamsini na mmoja, akaacha kucheka. Akaenda uani kuchuma bamia.